Ramani Yenye Majina

Kibingo, Karagwe
Tarehe 18 Septemba, 1994

Kaka yangu mpendwa Telesfori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wifi Kokuberwa na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia habari zake mwezi wa sita kimekwisha kabisa. Sisi huku tunaendelea kumshukuru Mungu. Mama hajambo isipokuwa magoti, nayo magoti ya Mama unayajua, husubiri msimu wa kupanda ndipo yaume. Yule mtamba mwekundu uliyemwacha zizini amezaa, ndama jike. Maharage tulipata ya kula na ya mbegu. Migomba ya nyuma ya nyumba imebeba mpaka tumeikatia miti ya kuiegemeza.

Kaka, uliniuliza kwa nini sikurudi chuoni Nairobi mwezi wa nane, nami nilikujibu kwa mistari miwili kwamba kazi imenizidi. Halikuwa jibu la kumpa mtu aliyenilea. Leo nakujibu sawasawa, nakuomba uisome barua yote mara moja, usiiweke kando.

Nilipokwenda kuanza shahada ya pili ya usanifu, Baba aliwaambia majirani kwamba nasomea kuchora, na majirani wakampa pole. Mada niliyochagua kuandikia ilikuwa makazi ya dharura, yaani namna ya kupanga nyumba za muda kwa watu waliokimbia makwao. Niliichagua nimekaa maktabani Nairobi, zamani kabla ya mambo ya Aprili. Nilifikiri nitakuja nyumbani niwaulize wazee wetu waliovuka kutoka Rwanda mwaka wa sitini na moja: walipofika walijenga nini kwanza, jiko au zizi, na mlango waliuelekeza wapi. Wewe ulivushwa mgongoni kwa Mama, mimi nimezaliwa hapahapa Kibingo. Nilidhani naandika habari za zamani.

Kisha ukaja mwezi wa nne. Wewe uliyasikia redioni. Sitakuandikia yaliyokuwa yakipita katika mto Kagera, nitakuambia tu kwamba mpaka leo hakuna mtu huku anayenunua samaki, hata wa ziwani, na wauzaji wameacha kuja. Baada ya maiti wakaja watu walio hai, wengi kuliko tulivyowahi kuona, na magodoro na masufuria na baiskeli, mpaka kilima tulichokuwa tunachungia kikageuka buluu kwa yale maturubai ya plastiki wanayoyaita shitingi.

Shirika moja la wageni lilikuwa linatafuta mtu anayejua kuchora ramani na anayesikia Kinyarwanda. Nikaitwa. Kaka, nilifurahi, sitakuficha. Wakati huo watu walikuwa wamelala walipoangukia, vyoo vimechimbwa upande wa juu wa kisima, wajane wamesukumiwa mbali na ghala la chakula. Nilishika vigingi na kamba nikaanza kupima. Nilipomwandikia profesa wangu, alijibu kwamba wanafunzi wenzangu wanachora makazi ya kubuni, mimi peke yangu nachora ya watu wanaopumua.

Siku nilipowaeleza nyumbani, Baba aliniuliza swali moja tu, kama nimewauliza wale watu wamemkimbia nani. Nikasema wamekimbia vita.

Akasema, “Mimi nilipokimbia, nilimkimbia mtu mwenye jina. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu.”

Tangu wiki ile aliacha kuzungumza Kinyarwanda. Anasema Kinyambo cha wenyeji wa huku tu, hata na ng'ombe. Mama akianza kuimba nyimbo za kwao akisukasuka maziwa, Baba hukohoa, na Mama hunyamaza. Yule fahali wa pembe ndefu aliyekuwa akimjivunia mbele ya wageni alimuuza kwa mchinjaji bila kutuambia, akasema pembe zile zinaonekana kutoka mbali mno. Mimi nilimwona ni mzee anayeogopa kivuli. Nilimhurumia, kisha nikachukua kamba zangu nikaenda kazini.

Kambini nilimkuta Mwalimu Karekezi. Alikuwa mkuu wa shule kwao, na wakimbizi wenyewe walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa kamati. Ni mtu wa makamo, mpole, anayevaa shati jeupe lililopigwa pasi mahali ambapo watu hawana sabuni ya kuoshea watoto. Nilipomwuliza watu wangependa kupangwaje, alinijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali. Alishauri niwapange kama walivyokaa kwao, komini na komini, yaani tarafa zao, kijiji na kijiji, jirani kando ya jirani yake, ili wanaojuana watunzane. Tena akashauri kila kibanda kiandikwe namba na jina la mwenye nyumba, ili mgao wa chakula usipotee.

Nikaona ni busara. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba msanifu asiwapangie watu bali awasikilize. Nilichora ramani kubwa, nikaigongomelea kwenye mbao mbele ya ofisi, na majina yote yakaonekana, kwa herufi zangu nzuri ulizozoea kunitania. Na kweli, ilifaa. Chakula kiligawiwa kwa saa chache badala ya kutwa nzima. Bibi mmoja alisomewa jina la mwanawe pale ubaoni, akapiga magoti akanishika miguu. Nataka ulijue na hilo, kaka. Wengi mle ni watu tu wenye njaa, wanaozika watoto wao kwa kuhara, na hawana neno na mtu.

Lakini kila asubuhi nilipofika kazini nilimkuta Mwalimu Karekezi amesimama mbele ya ramani, mikono nyuma, anaisoma polepole kama mtu anayesoma gazeti. Alinisalimu kwa heshima, akaniita Madamu. Siku moja alikisifu Kinyarwanda changu, akasema ni kitamu, kina maneno ambayo siku hizi hayatumiki tena, maneno ya watu walioondoka zamani. Aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema kwa majirani. Akaniuliza jina la baba yangu. Sijui nini kilinituma, nikamjibu kwamba baba yangu ni Rwegoshora, Mnyambo wa Ndama, mkulima wa kahawa. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaenda zake.

Basi vibanda vikaanza kubaki vitupu. Leo kimoja, baada ya siku kadhaa kingine. Nikiuliza, naambiwa wenyewe wamerudi kwao. Nilifuta majina nikaandika mengine. Sufuria zao zilikuwa bado zipo mle ndani, kaka. Niliziona, lakini nikaendelea kuandika.

Mwezi wa nane, nikiwa napima mfereji karibu na mabomba ya maji, mwanamke mmoja aliinama kando yangu kama anayeosha miguu. Jina lake Speciose. Nilimfahamu kwa ramani tu, mwanamke asiye na mume, kibanda cha kati kabisa katika bloki ya Mwalimu. Alisema bila kuinua uso, “Nitoe pale uliponiweka. Mwalimu ananijua, na mimi namjua.”

Nikamwambia kwamba amewekwa karibu na watu wa kijijini kwao.

Akasema, “Ndiyo. Umeniweka katikati yao.”

Alinieleza kwa maneno machache. Alikuwa akifua nguo za kanisa, na siku watu walipojificha mle ndani alikuwa juu ya dari ambako huhifadhiwa mapambo ya Noeli. Kutoka dari ile alimwona Mwalimu akiingia na orodha ya shule mkononi, akiita majina, na watoto wakiitika kwa sababu wamezoea kuitikia sauti ile. Zaidi ya hapo hakunieleza, nami sikumwuliza. Watu walipoanza kukimbilia huku hakuwa na njia nyingine, akafuata mkumbo pamoja na walewale aliokuwa akiwakimbia. Walimdhania ni mwenzao. Sasa Mwalimu alikuwa ameanza kumtazama.

Nikamhamisha. Nilisema ana kifua, nikampa kibanda cha juu karibu na hema la zahanati, na kwa kuwa mpango ni mpango, nilibadilisha ramani, nikaandika jina lake mahali papya. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alinipokea kwa uchangamfu.

“Naona umemhamisha Speciose,” alisema. “Umefanya vizuri. Hewa ya juu itamfaa.”

Kaka, mimi nimesoma mpaka shahada ya pili, nami nilisimama mbele ya ile mbao nikaelewa kwa mara ya kwanza nilichokuwa nimechora. Tulifundishwa kuwasikiliza watu. Nilikuwa nimewasikiliza wenye sauti.

Kuanzia siku ile vijana walikaa mbele ya kibanda cha yule mama. Hawakumgusa wala kumsemesha. Akienda majini, walikwenda. Akirudi, walirudi wakakaa. Nilimwendea mkuu wa shirika, akanisikiliza vizuri, akasema tuhuma nzito namna hii lazima zipelekwe kwenye kamati ya wakimbizi zichunguzwe. Mwenyekiti wa kamati unamjua. Nilikwenda kwa askari. Walikuwa wachache, nao wamechoka, wakaniambia nimlete shahidi atoe maelezo hadharani. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile, sikutaka gari la shirika.

Nilimkuta Baba anakata majani ya ng'ombe. Nikamweleza yote. Nilitegemea aseme alinionya. Nilijiandaa hata kwa hasira, kwamba nimeleta balaa hadi mlangoni kwake baada ya miaka yote ile ya kujificha kwa utulivu. Aliuliza tu gulio la karibu na kambi linakuwa lini, na kama huyo mama anaweza kubeba mkungu wa ndizi kichwani. Nikasema sijui. Mama, ambaye alikuwa mlangoni akisikiliza, akasema kila mwanamke anaweza.

Sasa, kaka, haya ninayokuandikia hayajui mtu mwingine, na yakijulikana tumekwisha.

Siku ya gulio Speciose alikwenda kununua chumvi kama wengine, na wale vijana nyuma yake. Mama alikuwa ameketi nyuma ya wauza mitumba. Pale kwenye msongamano wa nguo, alimvisha kanga yake mwenyewe na kilemba chake, akachukua kitenge cha Speciose akakitia kikapuni. Baba akamtwika mkungu wenye majani yanayoning'inia usoni. Kisha Baba akatangulia na fimbo yake, akapita naye katikati ya watu akimgombeza kwa Kinyambo kwa sauti ya gulio zima, kwamba mwanawe ameoa gogo, kwamba tangu asubuhi ameketi kama jiwe mpaka ndizi zinarudi nyumbani, kwamba kwao hawakumfundisha hata kumwita mnunuzi. Yule mama hakuelewa hata neno moja. Alikuwa akiitikia tu kwa kichwa chini ya mkungu. Watu walicheka. Mama anasema hata vijana wale walicheka, wakampisha mzee apite na mkwe wake mvivu.

Mimi sikuwapo. Kazi yangu ilikuwa Mwalimu. Nilimwomba anisaidie kwa ajili ya tasnifu yangu, anieleze historia ya komini yao na jinsi vijiji vilivyopangwa tangu enzi za Wabelgiji. Alifurahi mno. Alikaa kwenye kiti changu akanieleza, nami naandika, na aliniheshimu kwa kunisahihisha tahajia. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mwalimu mwema. Alipoondoka jua lilikuwa limeanza kushuka, na yule mama alikuwa amekwisha kupanda lori la kahawa la Pastory kuelekea Ndama, kwa shangazi Eseri.

Asubuhi yake niliing'oa ramani. Nilisema imelowa usiku, wino umetoka. Nilichora nyingine, yenye namba tu, bila jina hata moja, na majina nikampa mkuu wa shirika ayafungie kabatini kwake. Kuhusu hilo alinikubalia, alidhani ni mtindo mpya wa chuoni. Mwalimu Karekezi alisimama mbele ya ramani mpya kwa muda mrefu. Hakuniuliza kwa nini nimeondoa majina, wala hakumtaja Speciose. Aliniuliza tu mvua ilinyesha saa ngapi, maana yeye hakuisikia. Kisha akavaa kofia yake, na alipokwenda hatua chache akageuka.

“Msalimie mzee Xaveri,” alisema. Jina hilo la Baba sikuwahi kumtajia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jana tulikuta nyayo za watu wasiovaa viatu vya hapa zikizunguka zizi, na lango limefunguliwa, ng'ombe wote wapo. Baba aliwahesabu, akafunga lango, akaenda shambani. Nilimsihi tuondoke. Alisema alikwisha kuhama mara moja katika maisha yake, na mtu hapewi maisha mawili ya kuhama. Mama hataondoka bila yeye, na mimi sitaondoka bila wao. Profesa ameandika akiitaka sura ya tatu, ile ya namna ya kuwasikiliza watu. Sijamjibu. Nikiokoka katika haya nitaimaliza, nitaiandika upya kuanzia mstari wa kwanza, na sitaisifu ile ramani.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, piga telegramu leo hiihii, usingoje mwisho wa mwezi, useme mtoto wako mdogo anaumwa na anamlilia babu yake. Nisamehe kwa kukuomba useme uongo unaomtaja mtoto. Baba hataondoka kwa sababu ya hofu, lakini kwa mjukuu atapanda lori la kwanza. Wakishafika Mwanza uwazuie kwa mbinu yoyote utakayoijua wewe.

La pili linamhusu huyo mgeni aliyekukabidhi barua hii. Umeikuta ina mikunjo mingi kwa sababu shangazi Eseri ameishonea katika pindo la nguo yake, asije akaulizwa njiani au ndani ya meli. Sikutaja jina lake katika maelezo niliyompa Pastory, na kwako nadhani sina haja ya kulitaja tena. Umekwisha kulisoma, na pengine sasa hivi umeinua macho ukamtazama. Usimwulize kitu. Kwa majirani atakuwa binamu wa wifi, na wifi ajue cha kuwaambia. Mjini jina lake libadilishwe, achague mwenyewe. Siku moja patakuwa na mahakama ya kumsikiliza mtu kama yeye. Wanasema hivyo redioni, na yeye anasema atakwenda. Mpaka siku hiyo awe hai. Ndicho ninachotaka kwenu.

Nisalimie wifi Kokuberwa kwa moyo wote, mwambie nitamlipa wema wake Mungu akinipa siku. Wabusu watoto. Wasalimie na majirani zenu waliotupokea vizuri ule mwaka wa harusi. Mama anakusalimia, anasema umekonda katika picha. Baba anakusalimia pia, ingawa hajui ninaandika nini.

Na huyo mgeni, kaka, usimsalimie kwa Kinyarwanda, hata kama ulimi unakuwasha. Msalimie kwa Kiswahili. Mpe chai. Usimpe kiti kinachoupa mlango kisogo, na kama sebule yenu haina nafasi nyingine, sogeza meza.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,

Immaculata